Bundi Asiyekufa

Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, ni hadithi inayotungwa kwa mdomo mezani, dadu zikiamua bahati. Mchezaji aliye mchawi huweza kuita mnyama wa kumtumikia: paka, chura, kunguru, hata bundi. Kwetu sisi tuliofundishwa kumfukuza bundi akilia juu ya paa, hadithi imeshaanza hapo!

Lakini kanuni za mwaka 2014 zimeiharibu. Bundi akiuawa hutoweka tu. Mchawi huchoma makaa, ubani na majani kwa saa moja, huyo karudi. Basi hutumwa mbele kwenye giza kama tochi. Nani atamhurumia tochi? Katika kitabu cha mwaka 1978, mnyama akifa bwana wake hupoteza pointi za uhai, na hazirudi.

Tulijaribu kanuni hizo za zamani. Mimi nilikuwa bundi, sauti yangu mlio tu, maana bundi anayehutubia kama diwani ananichosha. Nilifuata panya, nikapigwa mshale. Mshikaji wangu, mchawi, akachukua raba akafuta namba zake taratibu. Meza nzima kimya.