Baridi ya Mgongoni

Mjini Goma sifa zote huchukuliwa na bulangeti. Ndilo linaloulizwa kwanza misaada inapogawiwa, ndilo linaloanikwa uani majirani walione. Mimi sifa hizo ningempa mshona virago.

Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Nyiragongo, na sehemu kubwa ya mji imekalia mawe ya volkano. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Ilipopoa, watu waliyavunjavunja mawe, wakasawazisha, wakapigilia nyumba za mbao papo hapo. Sakafu ya namna hiyo hunyonya joto la mwili usiku kucha. Jifunike mabulangeti hata matatu, baridi itakuingia kupitia mgongoni.

Dawa yake ni funjo, mmea wa kinamasi. Ndani ya bua lake mna nyama nyeupe, nyepesi, iliyojaa vitundu vya hewa, na hewa iliyotulia hukinga baridi. Mshonaji huyakata mabua, huyaanika mpaka rangi ya kijani iishe, huyapanga sambamba na kuyaunganisha kwa kamba hadi yawe kirago, mkeka wa kulalia. Ufundi uko kwenye mkono unaokaza. Kamba ikilegea, mabua huachana na ubaridi hupenya. Ikikazwa kupita kiasi, bua hubanwa, na ile hewa ndiyo kwaheri. Kipimo hicho hakiandikwi popote. Kiko vidoleni.

Siku hizi mikeka ya plastiki imejaa sokoni. Ina rangi, haiozi, ikilowa hukauka upesi; haki yake naipa. Lakini itandike juu ya lava, ulalie saa tisa za usiku, halafu tuzungumze.

Waswahili husema anayehama amefunga virago. Kwa watu wa Goma maneno hayo si msemo tu. Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka tena, na siku chache baadaye mitaa kadhaa ikaamriwa kuhamwa. Barabara ya kwenda mji wa Sake ikajaa watu na matandiko yao. Godoro la sponji likinyeshewa njiani ni mzigo mara mbili. Kirago hukung'utwa, kikaegemezwa ukutani, kikangoja jua.

Ukienda kukinunua, usitazame urefu peke yake. Kikunje kwanza: kizuri hakitoi mlio wa kuvunjika. Kisha omba upunguziwe bei, ila kidogo tu.