Nchi Iliyoharibika: Kuitazama Stranger Things kutoka Lushoto

1.0 Utangulizi

Tamthilia ya televisheni ya Stranger Things ilianza kuoneshwa na Netflix tarehe 15 Julai 2016, miezi sita baada ya huduma hiyo kufunguliwa Tanzania pamoja na nchi nyingine nyingi. Watunzi wake ni ndugu pacha wa Kimarekani, Matt na Ross Duffer. Kisa kinaanza Novemba 1983 katika mji wa kubuni wa Hawkins, jimboni Indiana. Mvulana aitwaye Will Byers anatoweka usiku akirejea nyumbani kwa baiskeli. Rafiki zake wanapomtafuta msituni, wanakutana na msichana aliyenyolewa nywele ambaye jina lake ni namba tu: Eleven, yaani kumi na moja. Msichana huyo ametoroka katika maabara ya serikali ambamo umefunguka mlango wa ulimwengu mwingine, wenye giza na baridi, unaofanana na Hawkins yenyewe iliyopinduliwa.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu mvuto wa tamthilia hii ni hamu ya yaliyopita: muziki wa vinanda vya umeme, baiskeli za watoto, redio za mkononi, na mwangwi wa filamu na riwaya za kutisha za miaka ya 1980. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanachukulia kwamba mtazamaji anazo kumbukumbu hizo. Makala haya yanauliza: asiye nazo anabaki na nini? Mtazamaji anayekusudiwa hapa ni yule aliyelelewa katika masimulizi ya Usambara, Lushoto na vijiji vinavyoizunguka Vugha. Si mtu mahususi aliyehojiwa, bali ni nafasi ya kusomea matini. Hoja kuu ni kwamba kwa mtazamaji huyo hamu ya yaliyopita inafifia, na kinachojitokeza ni kisa cha nchi iliyoharibiwa na wenye nguvu. Kisa hicho kinapopimwa kwa vigezo vya Usambara, udhaifu mkubwa wa tamthilia unadhihirika pia. Uhakiki unajikita katika misimu miwili ya kwanza, ya 2016 na 2017.

2.0 Hamu ya Yaliyopita na Mipaka Yake

Mwaka 1983 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Huku Bara, mwaka huo unakumbukwa kwa vita dhidi ya wahujumu uchumi vilivyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, na kwa foleni za sukari, sabuni na nguo. Mtu wa Lushoto aliye rika moja na Will Byers, akiiona sebule ya akina Wheeler yenye televisheni, simu na jokofu lililojaa, hakumbuki chochote cha kwake. Anatazama shibe ya wengine katika mwaka wa uhaba wake.

Ingefaa basi kuhitimisha kwamba mtazamaji huyu ni mgeni asiyealikwa. Hata hivyo, ndugu Duffer walizaliwa Februari 1984, miezi mitatu baada ya usiku ambao Will anatoweka. Wao pia hawaukumbuki mwaka 1983. Wameujua kwa njia ya kanda, vitabu na simulizi za waliowatangulia. Hamu inayooneshwa si kumbukumbu ya mtu bali ni mtindo wa kisanaa, na mtindo hufundishika. Tofauti kati ya watunzi na mtazamaji wa Lushoto haihusu nani alikuwapo na nani hakuwapo. Inahusu masimulizi ambayo kila mmoja anayaleta mbele ya kioo.

Katika hili, utazamaji wa Kitanzania una urithi wake. Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili katika mabanda ya video na baadaye katika kanda. Hakutafsiri maneno peke yake. Alifafanua, alitania, aliwahukumu wahusika, na kwa njia hiyo filamu ya kigeni ikawa hadithi inayosimuliwa hapa. Kuisoma Stranger Things kwa dhana za Usambara ni kuendeleza utamaduni huo wa kupokea kwa kusimulia upya. Si kuibandika matini maana isiyoihusu.

3.0 Nchi Iliyoharibika

Steven Feierman, katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, anaeleza jozi ya dhana zilizoongoza fikra za kisiasa za Washambaa: kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, yaani kuiponya. Shi ni ardhi pamoja na watu, mvua na mazao yake. Kwa mujibu wa dhana hizo, nguvu zinaposhindana na nguvu, mvua hukatika na njaa huingia. Nguvu moja inapozishinda nyingine na kutawala bila mpinzani, nchi hupona. Ndivyo ilivyoeleweka misukosuko iliyofuata kifo cha mtawala Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, pale warithi wa Wakilindi walipopigana wao kwa wao.

Dhana hizo zinaangaza sehemu mbili za tamthilia ambazo usomaji wa hamu ya yaliyopita huzipita haraka. Ya kwanza ni chanzo cha balaa. Mlango haufunguki kwa laana ya kale wala kwa kosa la mtoto mtundu. Daktari Brenner anamtuma Eleven, kwa nguvu za akili yake, akamsikilize jasusi wa Kirusi, na katika giza la safari hiyo msichana anamgusa kiumbe wa kutisha. Nyufa za Hawkins zinatokana moja kwa moja na ushindani wa dola mbili kubwa. Nguvu zimeshindana na nguvu, na wanaoumia ni watu wa mji mdogo ambao hawakuambiwa lolote.

Ya pili iko katika msimu wa 2017. Maboga yanaoza mashambani usiku mmoja kabla ya kuvunwa, na wakulima wanashutumiana kwamba jirani ametia sumu. Polisi Jim Hopper anachimba na kukuta mizizi ya ule ulimwengu mwingine imetambaa chini ya mashamba yote. Kwa mtazamaji wa mjini, tukio hilo ni utangulizi tu wa vitisho vikubwa zaidi. Kwa anayetoka katika mabonde ya Lushoto, ambako maisha hutegemea mboga, viazi na mahindi ya miteremkoni, hapo ndipo utisho wenyewe ulipo. Ni utisho wa shamba linalokufa bila sababu inayoonekana, na wa majirani wanaoanza kutazamana kwa jicho la shaka kwa kosa lililotendwa na wakubwa. Tamthilia inaonesha kwa usahihi jinsi madhara ya siri ya dola yanavyogeuka kuwa tuhuma kati ya wanyonge.

4.0 Eleven na Kigego

Mhusika Eleven naye anapata maana mpya. Habari za Wakilindi, matini ya Kiswahili ya Abdallah bin Hemedi al-Ajjemy, inasimulia asili ya ukoo uliotawala Usambara. Mwasisi wake, Mbegha, alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Mtoto wa namna hiyo alihofiwa kuwa ataleta vifo katika ukoo. Wazazi wake walimlinda. Walipofariki, ndugu walimnyima urithi. Akawa mwindaji wa porini, akahama huku na huku, hatimaye akapanda milima ya Usambara, akaua simba na kufanywa mtawala.

Mfanano ni dhahiri. Eleven naye anahofiwa kwa alichozaliwa nacho, anaishi msituni, na uwezo uliomfanya atengwe ndio unaohitajika jamii inapovamiwa na mnyama asiyeshindika. Matini zote mbili zinakubaliana kwamba hatari na tiba hukaa katika mwili mmoja. Lakini zinatofautiana kuhusu hatima yake. Mbegha anapokewa hadharani: anagawa nyama, anapewa mke, anaapishwa kwa wajibu. Nguvu zake zinafungwa ndani ya mkataba na watu. Eleven, baada ya kuufunga mlango mwishoni mwa msimu wa pili, anapewa cheti cha kuzaliwa na kuhimizwa aendelee kujificha. Anapata baba na marafiki, lakini hapati nafasi mbele ya jamii aliyoiokoa. Tamthilia inamtibu kigego kwa upendo wa faragha pekee.

5.0 Ni Nani Aliyewajibika?

Udhaifu huo si wa mhusika mmoja. Nancy na Jonathan wanapofanikiwa kunasa sauti ya daktari akikiri makosa ya maabara, mwandishi Murray Bauman anawashauri waizimue habari, kwa kuwa watu hawataamini ukweli wote. Taifa linaambiwa kwamba rafiki yao Barb aliuawa na kemikali zilizovuja. Maabara inafungwa, wazazi wanazika jeneza, na vijana wanacheza dansi shuleni. Tamthilia inalihesabu jambo hili kuwa ushindi.

Kwa kigezo cha kuzifya shi, uponyaji huo haujakamilika. Ni vigumu nchi kupona kwa uongo, kwa sababu swali la msingi la dhana hiyo ni nani ameiharibu na nani anawajibika. Wakulima wa Usambara waliuliza swali hilo hata mbele ya wataalamu. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha mradi wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo mwaka 1946, na kuwalazimisha watu kuchimba matuta miteremkoni, ulikuja kwa lugha ya kuiokoa ardhi. Wakulima waliupinga, wakaona kwamba wanaodai kuponya ndio wanaoharibu. Wakulima wa Hawkins hawapewi nafasi ya kuuliza hivyo. Wanatoweka katika hadithi pamoja na maboga yao.

Tahadhari moja inahitajika. Kupima tamthilia kwa vigezo vya Usambara kusigeuke kuwa hamu nyingine ya yaliyopita, safari hii ya himaya ya Wakilindi. Watawala wale walitoza kodi nzito, na katika vita vya baada ya Kimweri watu wengi walitekwa na kuuzwa utumwani pwani. Dhana ya kuponya nchi haithibitishi kwamba watawala walikuwa wema. Thamani yake ni kwamba iliwapa watu lugha ya kuwashitaki hadharani pale walipokuwa wabaya.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba hamu ya yaliyopita si sharti la kuielewa Stranger Things. Hata watunzi wake wameiazima. Mtazamaji wa Lushoto, akiwa amekosa kumbukumbu za 1983 ya Marekani, anaona kwa uwazi zaidi mfupa wa kisa: dola mbili zinashindana, shamba linaoza, mtoto anayehofiwa anaitwa kuokoa. Anaona pia kilichokosekana. Watoto wa Hawkins wanafunga mlango kwa ushujaa mkubwa, lakini waliousababisha kufunguka hawasimamishwi mbele ya watu. Tafiti zijazo zinaweza kuwahoji watazamaji wenyewe katika miji na vijiji vya Usambara, ili kupima kama usomaji uliopendekezwa hapa unalingana na wanavyoisimulia tamthilia hii wao kwa wao.