Sharti la Kuimbika na Sauti ya Simu

Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na mwaka 1954 akatoa kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa hakimu wa ugomvi wa watunzi. Wengi hukikumbuka kwa vina na mizani. Lakini sharti lililo zito kuliko yote humo ni kuimbika: vina na mizani vimewekwa ili shairi liimbike, na lisiloimbika limekosa sifa ya kuitwa shairi. Saadan Kandoro, naye mzaliwa wa Ujiji, alikuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa mapokeo hayo. Watu wa visiwani, ambao aghalabu huudhani ushairi kuwa mali ya chumvi na mkuti, hawana budi kukumbuka kwamba mmoja wa walioandika sheria zake alitoka katika maji matamu ya Kigoma.

Barabara itokayo ziwani hupanda hadi Kasulu, na ikizidi kwenda kaskazini hufika Kibondo. Huko nyanda za juu wenyeji ni Waha na lugha ya nyumbani ni Kiha. Kiswahili huja na shule, soko, ofisi na redio. Karibu na mji wa Kasulu ipo Shule ya Msingi Kabanga, iliyojulikana kwanza kwa kuwasomesha watoto wasioona. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoitikisa nchi mwishoni mwa miaka ya 2000, ikawa pia makimbilio ya watoto wenye ualbino, ambao wengi wao huona kwa taabu. Mtoto apitaye katika shule ya namna hiyo hufunzwa nukta nundu. Akishakuwa mtu mzima, kinachomfikia mkononi mara nyingi si mashine ya nukta nundu bali simu ya kupangusa, na ndani yake kisomaskrini, yaani programu inayotamka kwa sauti kila kilichoandikwa juu ya kioo. TalkBack iliingia katika simu za Android mwaka 2009, mwaka uleule VoiceOver ilipoingia katika iPhone. Kwa barua, kwa hesabu za duka na kwa habari za magazeti, faida ya programu hizi haina mjadala. Swali la mpenzi wa ushairi ni jingine: mtu akitungia shairi ndani ya simu, je, simu hiyo inalisikia?

Msomaji na amfikirie mtunzi asiyeona wa Kasulu anayetaka kuandika mshororo huu:

Mtu mwema mtulivu, nchini hana mwenzake.

Hauna fumbo. Ni mizani nane kwa nane, wa kawaida kabisa. Mtunzi anapitisha kidole juu ya kioo, sauti inataja kila herufi anayoigusa, akiinua kidole herufi inaandikwa. Akimaliza anaiamuru simu isome. Sauti iliyowekwa ikiwa ni ya Kiingereza, neno mtu huweza kutoka "emtu", au likatajwa herufi moja moja kama jina la kampuni. Hilo ni kosa la wazi na mtunzi hulitambua mara moja. Kosa baya zaidi ni lile lisilojitangaza, nalo hutokea hata pale sauti inapokuwa ya Kiswahili.

Sauti za Kiswahili zipo. Kiswahili kimo katika lugha za eSpeak, programu huria aliyoianzisha Jonathan Duddington, na mwaka 2005 Mucemi Gakuru wa Nairobi na wenzake walieleza kazi yao ya kuunda sauti ya mashine inayosoma Kiswahili. Hizi ni kazi za kushukuriwa. Lakini sauti ya mashine hutengenezwa ili sentensi ieleweke, na mtu huelewa neno mtu hata m yake ikimezwa. Shairi halielewi hivyo. M ya mtu ni silabi kamili na inalipiwa mizani moja. Vivyo hivyo m ya mtulivu, vivyo hivyo n ya nchini. Mghani wa pwani huipa kila moja nafasi yake, na m huweza hata kuivuta kwa midomo iliyofumbwa. Simu, hasa ikisomeshwa kwa kasi waliyoizoea wasioona, kasi ambayo mwenye macho huisikia kama mvua juu ya bati, huzipitisha kama pumzi. Mshororo wenye mizani kumi na sita ukasikika una kumi na tatu. Mtunzi mchanga atajazia silabi tatu zisizohitajika, ataridhika, atalipeleka shairi, na mhariri atalirudisha kwa hukumu kwamba mtunzi hajui kuhesabu.

Hapo ndipo penye dhara. Mtunzi amehesabu kwa usahihi kile alichokisikia, na kilichosikika ndicho kibovu.

Upungufu wa pili umo katika jinsi programu inavyomtembeza mtumiaji ndani ya maandishi. Anaweza kwenda herufi kwa herufi, neno kwa neno, mstari kwa mstari, aya kwa aya. Hatua zote hizo ni za nathari. Hakuna hatua ya mizani, wala ya kipande. Herufi ni ndogo mno kuwa kipimo: nchini ina herufi sita na mizani tatu. Mstari nao ni hadaa, maana mstari wa simu hupimwa kwa upana wa kioo, si kwa pumzi ya mshairi. Mshororo wa mizani kumi na sita haukai katika kioo chembamba; hukatika popote, nchini hana upande huu na mwenzake upande wa pili, na msikilizaji akadhani kituo kimefika. Njia iliyo nyepesi ni kuandika kila kipande mstari wake, na mtunzi mwenye busara hufanya hivyo.

Waandishi wa miswada ya kale kwa hati ya Kiarabu walikuwa na dawa yao. Ubeti wa utenzi uliandikwa mara nyingi mstari mmoja, vipande vinne vikifuatana, na baina yao ikawekwa alama ya kuvitenga. Alama ile haikusomwa, ilionwa. Katika simu kazi hiyo imebaki kwa mkato, na kisomaskrini kina njia mbili za kuushughulikia: kuunyamazia kwa pumziko fupi, au kuutaja kwa jina. Anayehitaji uhakika wa maandishi yake hulazimika kuchagua kutajiwa. Basi katikati ya ubeti, kwenye kina cha kati, husikika "koma", mithili ya mwimbaji wa tarabu anayesimama kati ya beti kuwatajia wasikilizaji jina la kinanda.

Kuhusu kamusi ya simu hapana haja ya maneno mengi. Haijui inkisari, haijui mazida, haijui tabdila. Kila uhuru alioruhusiwa mshairi na mapokeo yake, yenyewe huuona kuwa kosa la tahajia. Mtunzi akiandika mato kwa maana ya macho, kama waandikavyo watu wa Mombasa na Lamu, anaweza kukuta limegeuzwa moto. Mwenye kuona hulishuhudia neno likibadilika mbele yake. Asiyeona hulipata baadaye, akirudi kusoma, ikiwa sikio halikuchoka. Dawa ni kuuzima usahihishaji huo kabla ya kuanza kutunga, jambo ambalo wengi hawaelezwi.

Yote hayo yangekuwa usumbufu wa kawaida lau mtunzi angekuwa na mizani yake moyoni. Mtoto wa Lamu, wa Tumbatu au wa Mkunazini hulisikia shairi kabla hajalisoma: katika kasida, katika maulidi, katika tarabu, katika midomo ya bibi zake. Utendi wa Wasiya wa Mabanati alioutunga Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu mwaka 1974 ulienea kwa kanda za kaseti, ukiwafikia hata wasioweza kushika kitabu. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yaliishi midomoni mwa watu wa Mombasa hata Mwalimu Sikujua na Taylor walipoyakusanya kuelekea mwisho wa karne, na diwani yenyewe haikuchapishwa na Hichens mpaka mwaka 1940. Mtunzi asiyeona aliyelelewa katika hewa hiyo akipewa simu isiyoimba, huicheka tu. Anajua wimbo uko wapi.

Mwenzake wa Kasulu au Kibondo hana akiba hiyo. Nyimbo anazo, na nzuri. Kiha ni lugha ya toni, na sikio lililokulia ndani yake ni sikio kali. Lakini lahani za tenzi na mashairi hazikuwa katika ngoma za kwao. Shairi la Kiswahili amelipata darasani, limevuliwa sauti yake, linahesabiwa silabi kwa vidole kwa ajili ya mtihani. Anapofungua simu na kuiamuru isome, sauti ile kavu huweza kuwa ndiyo mghani wake wa kwanza. Mtu wa pwani huitumia simu kama karatasi. Huyu hana hiari. Anaifanya simu mwalimu. Na mwalimu huyo hajawahi kuimba.

Hata hivyo isidhulumiwe sauti hii. Mghani hodari ni mwongo mwenye ruhusa: huvuta silabi pale mshororo ulipopungua, humeza pale ulipozidi, na kilema cha mtunzi kikafichika ndani ya lahani. Wasomaji wa mashairi wanayajua mengi yaliyotikisa ukumbi kisha yakapauka kitabuni. Simu haina hisani hiyo. Haimsaidii mtunzi kwa lolote, na shairi linalosimama ndani ya sauti yake hakika limesimama kwa miguu yake. Ikipunguzwa kasi hadi kila silabi ipate nafasi, inafaa kuwa tupa ya kusugulia. Haifai kuwa ala.

Tena lipo jambo litakalowafurahisha wanamapokeo. Ungetazamiwa ushairi huru, ambao Euphrase Kezilahabi aliupa diwani yake Kichomi mwaka 1974, kuwa rafiki wa sauti hii, kwa kuwa hauidai mizani. Mambo ni kinyume. Shairi huru hutegemea sana mkatiko wa mistari na weupe wa karatasi, na kisomaskrini huweza kuvipita vyote viwili bila kusita. Likasikika kama barua. Shairi la arudhi limebeba alama zake ndani ya sauti. Kina hakihitaji jicho. Hata sauti iliyo baridi kuliko zote haiwezi kulifuta -ke lililorudi mara nne, na likirudi, msikilizaji anajua mshororo umekwisha, kioo kikate kitakapo. Katika ugomvi wa miaka ya 1970 hoja hii haikuwa na pa kutokea. Leo yeyote mwenye simu anaweza kuijaribu.

Limebaki suala la vidole. Nukta nundu humpa msomaji kile ambacho sauti humnyima: kurudi nyuma nusu neno, kutua juu ya m ya mtu na kuihesabu. Anayeandika kwa bamba na kijisindano huchoma karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, kama walivyoandika wenye miswada ya Lamu, kisha huigeuza na kusoma kutoka kushoto. Karatasi hiyo haitaki chaji, na hilo si dogo katika wilaya ambazo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2020 zilitegemea umeme wa majenereta. Tangu mwaka 2020 TalkBack ina kibodi ya nukta nundu: vidole sita hugusa kioo na herufi ikaandikwa, bila kifaa cha ziada. Kiswahili hakina herufi isiyokuwamo katika alfabeti ya nukta nundu iliyozoeleka, kwa hiyo aliyesomea Kabanga anaweza kuandika kwa kasi ya mikono yake badala ya kutafuta herufi kwa kidole kimoja. Ni nusu ya dawa. Anaandika kwa vidole lakini bado anajisomea kwa sikio, maana kibao cha elektroniki kinachoinua nukta ili zisomeke kina bei isiyofikirika kwa mwalimu wa shule ya msingi.

Mhariri wa majarida ya ushairi naye ana sehemu yake. Yamfikiapo mashairi yenye vipande vilivyotenganishwa kila kimoja mstari wake, au ng'ombe aliyegawanywa kuwa ng na ombe kwa sababu programu ilibadilisha king'ong'o chake, asikimbilie kuandika pembeni kwamba mtunzi hajui umbo. Na simu hiyohiyo ina kinasa sauti. Shairi likitumwa pamoja na sauti ya mtunzi mwenyewe akilighani, kwa lahani yoyote aliyoipata au aliyoibuni huko Kibondo, mhariri atakuwa na kitu cha kupimia kilicho bora kuliko macho yake. Katika kinasa hicho mshororo wa mtu mwema hausomwi na mashine. M ya kwanza inasikika midomo ikifumbwa, m ya mtulivu vilevile, n ya nchini ikigota juu ya ufizi. Mwenye kuhesabu ahesabu, ni kumi na sita.