Yabisi, Kimiminika na Gesi: Istilahi Zetu Mbele ya Mwanafunzi wa Gitambi

Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, mwalimu wa Kiswahili nchini humo aliongezewa mzigo. Hadithi na methali pekee hazimtoshi tena. Anahitaji pia vifungu vya ufahamu vinavyozungumzia afya, kilimo na sayansi, na mara nyingi huvitoa katika vitabu vya shule za msingi za Tanzania, ambako sayansi imefundishwa kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Mada ya hali za maada ni mojawapo ya zile zinazopendwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa ni fupi na ina maneno mapya mengi. Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki maneno hayo kwa kumfikiria msomaji mmoja: mwanafunzi wa Gitambi, katika Wilaya ya Rusizi, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa zamani wa Cyangugu. Tumeichagua Gitambi kwa sababu wilaya hiyo ina kiwanda cha saruji, mashamba ya mpunga, chemchemi za maji moto na Ziwa Kivu. Mtoto wa huko ameona maada ikibadilika hali kabla hajafungua kitabu chochote.

Tuanze na majina. Vitabu vingi husema kwamba maada ipo katika hali tatu, yaani yabisi, kimiminika na gesi. Vingine huweka mango badala ya yabisi, na kioevu badala ya kimiminika. Wengi wetu huwaambia wanafunzi kuwa hayo ni visawe tu, kisha tunaendelea na somo. Lakini ukiyatazama kwa makini utaona kwamba ni jozi mbili zenye mantiki tofauti. Yabisi ni neno lenye asili ya Kiarabu na maana yake ya kwanza ni ukavu. Ndilo tunalolikuta katika jina la ugonjwa wa baridi yabisi. Kioevu kinatokana na uoevu, kama katika ardhi oevu. Jozi hii, kwa hiyo, hupima ukavu na umajimaji. Mango, kwa upande wake, ni jiwe gumu la mviringo la kusugulia, na kimiminika ni kinachomiminika. Jozi hii hupima ugumu na utiririkaji, jambo ambalo liko karibu zaidi na fizikia yenyewe. Vitabu vyetu vimechukua neno moja kutoka kila jozi na kumwachia mwanafunzi kazi ya kuyapatanisha. Barafu inayotiririkwa na maji ni yabisi, yaani kavu! Zebaki, ambayo hailowanishi kidole, ni kioevu!

Hata kimiminika hakikosi kasoro. Saruji ya Cimerwa, inayotengenezwa Muganza katika wilaya hiyohiyo, humiminwa kutoka mfukoni. Mpunga wa bonde la Bugarama humiminwa kwenye turubai. Mwanafunzi akijibu kwamba mpunga ni kimiminika atapata sifuri, ilhali amelisoma neno kama lilivyoundwa. Hatupendekezi neno libadilishwe; limeshaenea mno na tunalipenda. Tunachotaka ni kifungu kiseme, kwa sentensi moja tu, kwamba punje moja ya mpunga hubaki na umbo lake popote iwekwapo, na kwamba punje nyingi kwa pamoja ndizo zinazoiga maji.

Hata hivyo, majina si tatizo kubwa. Udhaifu mkubwa wa maandishi haya, kwa maoni yetu, uko kwenye vitenzi. Kazi ya istilahi imeelekezwa zaidi kwenye nomino, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni ushahidi wa bidii hiyo. Vitenzi vimechukuliwa vilivyo kutoka katika lugha ya kila siku, kana kwamba haviwezi kumpotosha mtu.

Chukua kuyeyuka. Barafu huyeyuka, na sukari kwenye chai nayo huyeyuka. Katika mfano wa kwanza kitu kimoja kimebadilika hali kwa joto. Katika wa pili, vitu viwili vimechanganyika na hakuna kilichofikia joto la kuyeyuka. Mwanafunzi wa Gitambi ana kitenzi chake cha Kinyarwanda, gushonga, ambacho nacho hubeba maana zote mbili, hivyo Kiswahili humthibitishia dhana aliyokuja nayo. (Watoto wanaosoma kwa Kiingereza nao huchanganya mambo haya haya ingawa lugha yao ina vitenzi viwili, kwa hiyo asije mtu akadai kwamba kosa ni la lugha za Kibantu.) Kiswahili kina kumumunyuka, na baadhi ya waandishi hukitumia kwa chumvi na sukari. Kwa nini kisitumike kila mara?

Chukua pia kuganda. Maji huganda, damu huganda, maziwa huganda, saruji nayo huganda. Maji yaliyoganda ukiyapasha joto yanarudi kuwa maji. Maziwa yaliyoganda hayarudi kuwa maziwa mabichi hata ukiyapasha mchana kutwa. Ama saruji, ni kisa kingine kabisa. Mawe ya chokaa ya Mashyuza, ambayo yenyewe yalijengwa na maji ya chemchemi za moto yaliyokuja na madini yaliyomumunyuka na kuyaacha juu ya ardhi, hupelekwa tanuri lenye joto la nyuzi zipatazo 1,450 za Selsiasi. Humo hupoteza kaboni dioksaidi na kuwa kitu kipya. Fundi anapochanganya saruji na maji, maji hayo hayakauki tu. Sehemu yake hufungamana na saruji kikemia. Ndiyo maana fundi mzuri humwagilia zege siku kadhaa baada ya kulimwaga. Mafundi wenyewe husema zege limeshika, na hapo wamevipita vitabu vyetu.

Kisha kuna kukauka, kitenzi ambacho vifungu vingi havikigusi. Mpunga ukianikwa, tunasema mpunga umekauka. Tunamtaja aliyebaki, aliyeondoka, yaani maji, hatajwi. Kitabu kinapoleta neno mvukizo, mwanafunzi haoni kwamba ni habari ileile ya turubai ikisimuliwa kutoka upande wa maji. Zoezi la kugeuza sentensi moja kuwa nyingine, kutoka mpunga umekauka hadi maji ya mpunga yamekuwa mvuke, ni zoezi la sarufi na la sayansi kwa pamoja, nasi hatujui njia nyepesi kuliko hiyo.

Kwenye gesi mambo huharibika zaidi. Kitabu husema gesi haina umbo, tena aghalabu haionekani. Mtoto ametikisa mtungi wa gesi ya kupikia na kusikia kitu kikichezacheza ndani. Yuko sahihi: ndani ya mtungi, kwa shinikizo, sehemu kubwa ya propani na butani ni kimiminika, na hugeuka gesi inapofunguliwa kwenda jikoni. Ziwa Kivu nalo lina methani na kaboni dioksaidi nyingi zilizomumunyuka katika maji ya chini, zikizuiwa na uzito wa maji yaliyo juu. Mtambo wa KivuWatt, uliozinduliwa mwaka 2016, huyapandisha maji hayo, shinikizo likapungua, gesi ikajitoa. Neno shinikizo ndilo ufunguo wa mifano yote miwili, lakini vifungu vingi huzungumzia joto peke yake.

Tumalizie na sentensi ambayo kila mtu anaijua: maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kisarufi, kiambishi hu- huonyesha jambo la kawaida lisilofungwa na wakati. Kisayansi, sentensi hiyo ina sharti lililofichwa, nalo ni usawa wa bahari. Mahali pa chini kabisa nchini Rwanda, kwenye Mto Rusizi, pako mita zipatazo 950 juu ya bahari, na hapo maji katika sufuria iliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 97. Kadiri unavyopanda milima ndivyo nyuzi zinavyopungua. Hakuna basi sufuria ya wazi nchini humo ambayo maji safi yake yatafika 100. Mwandishi angeongeza kishazi kimoja cha masharti, na mwalimu wa Kiswahili angepata mfano wa kufundishia tofauti kati ya hu- na -ki-: maji yakiwa kwenye usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 100.