Mchezo Usiohitaji Sikio
(Juu ya kuwafundisha watoto wapigao fidla kusoma noti)

Waalimu wenzangu mnaofundisha Kiswahili katika nchi hizi ambamo si lugha ya nyumbani kwa watoto walio wengi, bila shaka mnamfahamu mwanafunzi huyu. Mpe kitabu, atakusomea ukurasa mzima bila kukwama. Kwa kuwa lugha yetu huandikwa karibu kama itamkwavyo, mtoto aliyekwisha kuzijua silabi hana pa kujikwaa. Muulize sasa yule sungura wa hadithini amefanya nini, naye atakutazama tu. Amesoma kila kitu na hakusikia neno.

Nilimkumbuka mwanafunzi huyo siku nilipoalikwa kutazama darasa la fidla la watoto wa miaka saba na minane. Mwalimu alikuwa ametandaza sakafuni kamba tano sambamba, mfano wa ile mistari mitano ambayo noti za muziki huandikwa juu yake. Alionyesha kadi yenye noti moja. Mtoto akarukia kamba, au akasimama baina ya kamba mbili, kisha akataja uzi na kidole. Aliyekawia alitoka. Vicheko vilijaa chumba, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nilitamani kuruka. Katika robo saa hakuna aliyekosea.

Ndipo wakapewa fidla zao na karatasi mpya. Ulikuwa ni wimbo wa kanisani ambao kila mmoja wao huuimba siku ya Jumapili. Walipiga kutoka mwanzo hadi mwisho, vidole vikienda kwa pamoja kama askari, wala hakuna aliyeutambua. Sikuutambua hata mimi.

Kosa lilikuwa wapi? Nathubutu kusema lilikuwa katika mchezo. Fidla ina nyuzi nne, ziitwazo kwa herufi G, D, A na E kutoka ule mnene hadi ule mwembamba. Mkono ukiwa mahali pake pa kuanzia, noti ya uzi ulioachwa wazi na ile ya kidole cha pili huandikwa katika nafasi, na zile za kidole cha kwanza na cha tatu huandikwa juu ya mstari. Mtoto mwerevu huigundua siri hii upesi, na akiisha kuigundua hana haja ya kitu kingine: jicho huamuru kidole, na sikio huenda likalala. Lakini nafasi ya tatu kutoka chini, ambayo ni ya kidole cha pili katika uzi wa A, ina sauti mbili. Ikiwa mwanzoni mwa mstari pana alama ya kuipandisha, kidole hicho hujitenga na cha kwanza. Isipokuwapo, hukisogelea hata kukigusa. Tofauti ni nusu sauti tu, nayo yatosha kuuharibu wimbo. Watoto wale walikuwa wamezoea nyimbo zenye alama tatu za kupandisha, na karatasi mpya haikuwa na hata moja. Mchezo wa kamba haukuwauliza kamwe habari hiyo. “Uzi wa A, kidole cha pili,” walijibu, na jibu lilihesabiwa kuwa sahihi.

Kwa chombo kingine dosari hii ingeweza kusameheka. Kinanda hupewa vibao vyake tayari, na gitaa lina vipande vya chuma vinavyoikata shingo yake. Fidla haina alama yoyote mahali pa vidole. Asiyesikia hana cha kumwongoza.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili lilikwisha kutatuliwa na Shinichi Suzuki wa Japani (1898–1998). Yeye alitazama namna kila mtoto wa Kijapani anavyosema Kijapani kabla ya kwenda shule, akauliza kwa nini muziki usifundishwe vivyo hivyo: kusikiliza nyumbani kila siku, mzazi akiwapo, na maandishi yaje baadaye. Hakupinga kusoma, alikuahirisha tu. Mwalimu wa lugha hawezi kuikataa hoja hiyo. Hata hivyo, kuahirisha kuna gharama yake. Mtoto aliyelelewa kwa sikio husikia wimbo mara moja akaushika, kisha huitazama karatasi kwa adabu huku akipiga kwa kumbukumbu, kama yule wa darasa la kwanza anayetusomea kitabu alichokishika juu chini. Mwalimu akishituka, huleta kadi na kamba kwa pupa ili kuziba pengo, na tunarudi kule kule.

Mimi naona dawa iko karibu zaidi na sisi. Kwaya nyingi za makanisa yetu zimelelewa kwa do-re-mi ya herufi, iliyoanzishwa na Sarah Glover wa Uingereza na kuenezwa na John Curwen (1816–1880). Curwen aliambatanisha kila sauti na ishara ya mkono, na baadaye Zoltán Kodály wa Hungaria (1882–1967) na wafuasi wake wakazitia ishara hizo katika masomo ya watoto. Huo nao ni mchezo, ila huwezi kuushinda ukiwa bubu: mwalimu anyanyuapo mkono, lazima uimbe. Mwalimu mmoja wa fidla alinipinga kwamba “do” ya namna hii huhama kufuata wimbo, ilhali uzi wa A hauhami. Ni kweli, na kwa mwezi mmoja au miwili mtoto atachanganyikiwa. Lakini ni kule kuhama kunakomfundisha kwamba kidole cha pili nacho huhama.

Basi kamba zibaki pale sakafuni. Mwalimu aziweke kadi mfukoni, apige noti mbili kwa fidla, na mtoto atembee kutoka kamba hadi kamba akiifuata sauti. Au aandike noti sita za wimbo unaojulikana, apige tano kama zilivyo na moja kwa hila, na watoto wamkamate mwizi. Nimeujaribu mchezo huo wa mwizi katika darasa langu la Kiswahili, kwa kuibadili nafsi au wakati wa kitenzi kimoja katika hadithi waliyoifungua mbele yao. Wasomaji hodari wa silabi ndio waliopitwa na mwizi mara nyingi zaidi.

Mchezo huu una udhia wake. Unakwenda polepole, zamu ni chache, kelele za furaha hupungua kwa kuwa hapana budi kusikiliza, na mwalimu mwenyewe asiyeweza kuimba noti kabla ya kuipiga hataweza kuuongoza.