Hilux au Mkonga? Jibu Liko Chini ya Bodi

Lori linalotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam halikwepi mzani wa Wenda, nje kidogo ya mji wa Iringa. Pikapu hupita hapo bila hata kupunguza mwendo. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inayagusa magari ya kuanzia kilo 3,500 pamoja na mzigo wake. Pikapu nyingi, hata zikijazwa kwa kipimo cha kiwanda, haziufikii uzito huo. Anayeamua zibebe nini, basi, ni mwenye mali, na mwenye mali akiona nafasi kwenye bodi haoni nafasi, anaona gunia.

Ndipo linapozaliwa swali linalorudiwa kila siku kwenye gereji za Ipogolo, pale chini ya mlima ambapo barabara kuu inavuka Ruaha Mdogo na njia ya Kilolo inachepuka: mtu anunue pikapu nyepesi ya aina ya Hilux, au ajikamue afike kwenye Land Cruiser 79, ile mkonga yenye bomba la hewa lililopanda ubavuni mwa kioo? Wengi hujibu kwa macho. Kubwa ndiyo ngumu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila si pale wanapodhani.

Ukweli uko kwenye ekseli ya nyuma. Katika Hilux, shafti inayotoka kwenye difu ina kazi mbili: inazungusha tairi, na wakati huohuo ncha yake ya nje, iliyoshikwa na beringi, inabeba uzito wa gari na mzigo kwa upande huo. Tairi likitumbukia shimoni, pigo lote linaishia hapo. Kwa tani moja, ambayo ndiyo mzigo wa daraja lake, mpangilio huo hudumu miaka na miaka. Pakia viazi vya tani mbili, na beringi inaanza kuvuma, sili inavujisha oili ya difu hadi kwenye breki za nyuma, na siku shafti ikikatika kwa nje, tairi linaweza kuondoka nayo.

Mkonga umeundwa vingine kabisa. Habu ya nyuma inakaa juu ya beringi mbili zilizovikwa kwenye bomba la ekseli lenyewe, na bomba ndilo linalobeba uzito. Shafti haibebi kitu, inazungusha tu. Fundi anayeijua kazi hiyo hufungua nati za uso wa habu, hugonga kidogo kwa nyundo mpaka washa za umbo la pia zilegee, kisha huvuta shafti yote nje, na gari bado limesimama kwa matairi yake manne bila jeki. Ikikatika porini, dereva hutoa vipande, hurudisha kifuniko, hufunga four-wheel na kujikokota hadi nyumbani kwa matairi ya mbele. Ni mpangilio uleule wa Fuso na Scania zinazopita hapo Ipogolo usiku kucha.

Wenye Hilux wana dawa yao: kuongeza pleti za springi. Mkia unainuka, gari linaonekana limepona. Beringi, shafti na chasisi hazikuongezewa chochote.

Mbele nako kuna tofauti, ingawa haina uzito kama hiyo. Hilux za four-wheel za miaka hii zina boljointi, mikono ya chuma na bushi kila upande, vitu vinavyoifanya itulie vizuri kwenye lami na vinavyohitaji kukaguliwa mara kwa mara kwenye makorongo. Mkonga una ekseli moja nzima kutoka tairi hadi tairi. Unarusha abiria, lakini una viungo vichache vya kulegea.

Kwenye injini, hadithi inageuka. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita, cc 4,164, iliyotoka mwaka 1990, haina turbo. Pwani hutoa nguvu za farasi 130 hivi. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyembamba, na injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya asilimia 15 ya nguvu zake. Hilux yenye injini ya cc 2,393 iliyotoka mwaka 2015 hutoa karibu farasi 150, na turbo huirudishia sehemu kubwa ya hewa iliyopungua. Kwa hiyo gari jepesi hulipita zito mlimani, jambo linalowaudhi sana wenye mikonga.

Lakini mwendo si uimara. Kila lita ya 1HZ inatoa farasi wapatao 31. Kila lita ya ile ndogo inatoa zaidi ya 60. Ya kwanza inafanya kazi bila kujikamua. Isitoshe, pampu yake ni ya kimakanika, wakati dizeli za kisasa hupuliza mafuta kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,600 kupitia nozeli zenye vitundu vidogo mno. Nchi hii inajua uchakachuaji: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuyachanganya na dizeli kusilipe. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma kama dizeli. 1HZ ikiyanywa hulalamika; nozeli za kisasa hufa, na bei yake inamtoa mtu jasho.

Hata hivyo 1HZ si malaika. Ina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu hukutana na pistoni. Mkonga wa mtumba usio na rekodi ya mkanda huo ni wa kuogopa kuliko Hilux yenye rekodi kamili.

Jambo moja wanunuzi hulisahau: mazao ya nyanda hizi yanateremka. Nyanya na vitunguu vya Ilula, mbao za Mafinga, viazi vya Njombe, vyote vinashuka mlima Kitonga vikielekea pwani. Huko injini kubwa ikiwa kwenye gia nzito hulizuia gari vizuri kuliko ndogo, na breki hubaki baridi. Hilux iliyozidishwa mzigo hutegemea pedali, na mlima huo una historia ndefu ya breki zilizochoka.

  

Basi mwenye duka la pembejeo anayezunguka Iringa, Mafinga na Makambako kwa lami, mzigo chini ya tani moja, hana sababu ya kununua mkonga; spea za Hilux ni rahisi na dizeli haimfilisi. Anayeingia Pawaga, Idodi au ndani ya Kilolo wakati wa masika ana sababu. Na anayebeba tani mbili kila wiki anahitaji gari la tatu ambalo wengi hawataki kulisikia: Canter, pamoja na foleni yake ya mzani.

Mwaka 2023 Toyota ilianza kuweka injini ya Hilux, ile ya lita 2.8 yenye turbo, kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70. Ekseli ya nyuma ya mkonga ikabaki ileile. Kwa hiyo mnunuzi wa mtumba anayelala chini ya gari aanzie huko nyuma: ahesabu pleti za springi, atafute alama za kuchomelea kwenye chasisi, apapase oili kwa ndani ya tairi. Hilux yenye pleti mbili za nyongeza imeshasema ilikuwa ikibeba nini, hata kama kilomita kwenye dashibodi zimerudishwa nyuma.