Pikipiki ya jangwani: tuanze na vumbi, nguvu baadaye

Kuanzia Desemba hadi Machi, njia za udongo za Dranya, pembeni mwa lami inayotoka Arua kupitia Koboko hadi mpakani Oraba, hugeuka unga mwekundu. Pikipiki inayofuata lori huvuta unga huo kila inapovuta hewa. Msimu huohuo, kila Januari, waendesha pikipiki wa mbio za Dakar hukata jangwa la Saudi Arabia, ambako mbio hizo zimefanyika tangu 2020. Kijana wa stendi ya boda boda anayetazama video zake huona miruko na mwendo, kisha huuliza injini ile ina nguvu kiasi gani. Nadhani swali hilo halistahili kuwa la kwanza. Mashine ya safari ndefu ya vumbi na mchanga huchaguliwa kwa kuuliza itaharibikia wapi na nani ataitengeneza hapo. Nguvu huhesabiwa baada ya majibu hayo mawili kupatikana.

Ushahidi unaanzia kwenye mbio za kwanza kabisa. Thierry Sabine, Mfaransa aliyezianzisha, alikuwa amepotea jangwani na pikipiki mwaka 1977. Msafara wake wa kwanza uliondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978, na kati ya vyombo 182 vilivyoanza, 74 tu ndivyo vilivyofika Dakar. Mshindi alikuwa Cyril Neveu, juu ya Yamaha XT500: silinda moja, injini ya kupozwa kwa upepo, haina rejeta ya kutoboka wala pampu ya maji ya kufa. Mwaka uliofuata alishinda tena kwa aina hiyohiyo. Katika msafara ambao zaidi ya nusu ya vyombo vilibaki njiani, kufika kwenyewe kulikuwa sehemu kubwa ya ushindi, na mashine yenye vitu vichache vya kuvunjika ilikuwa na faida ambayo haionekani kwenye karatasi ya kiwandani.

Adui mkubwa wa mashine hiyo hakuwa mlima wala shimo. Vumbi lina chembe za mchanga, na chembe zikipita kwenye filta ya hewa huingia kwenye silinda na kusaga ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Mgandamizo hupungua, oili huanza kupanda juu na kuungua, moshi wa buluu hutoka, na injini iliyokuwa mpya huzeeka kabla ya wakati wake. Ndiyo maana matayarisho ya jangwani huanza kwenye boksi la filta. Filta ya karatasi huziba, na ukiipuliza kwa kompresa yenye nguvu unaweza kuitoboa tundu usiloliona. Filta ya sponji huoshwa, hukaushwa, kisha hupakwa oili nzito ya kunata inayoshika vumbi kabla halijapita. Mkimbiaji wa jangwani huwa na filta kadhaa zilizokwisha kupakwa, naye hubadilisha kila jioni. Kisha hupaka grisi kwenye mdomo wa boksi, pale filta inapokalia, kwa sababu filta nzuri iliyokaa vibaya haizuii chochote. Kazi yote hii haihitaji kiwanda. Inahitaji beseni, petroli kidogo au sabuni, na fundi asiye na haraka.

Baada ya hewa huja magurudumu. Spoku mpya hulegea mwanzoni mwa safari, nazo zikilegea rimu hupinda, kwa hiyo hukazwa kabla ya kuanza na kukaguliwa kila mwisho wa siku. Kwenye mchanga laini tairi lenye upepo kidogo hutandaza uzito na kupita juu, lakini upepo ukipungua mno, jiwe hubana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa. Wakimbiaji wakubwa wamelikwepa tatizo hilo kwa kujaza tairi sponji ngumu badala ya hewa. Gia nazo hurekebishwa kwa gharama ndogo: ukiondoa jino moja kwenye sproketi ya mbele, kutoka 14 hadi 13, huku ya nyuma ikibaki na meno 42, uwiano hupanda kutoka 3.0 hadi 3.23. Pikipiki hupoteza mwendo wa juu kidogo, ila hupata mvuto wa kutoka mchangani bila kuichosha klachi. Petroli nayo ni mzigo: lita 30 zina uzito wa zaidi ya kilo 20, na zikiwekwa juu huiyumbisha pikipiki, ndiyo sababu mashine za mbio hugawa matangi, mengine mbele na jingine nyuma, chini iwezekanavyo.

Kuna pingamizi la haki hapa. Stéphane Peterhansel alishinda Dakar mara sita kwa pikipiki kati ya 1991 na 1998, juu ya Yamaha za silinda mbili, kubwa na zenye nguvu. Baadaye kampuni ya KTM ilishinda mfululizo kuanzia 2001 hadi 2019, kwa bajeti na teknolojia ambazo XT500 haikuwahi kuziota. Je, hilo halibomoi hoja? Halibomoi, kwa sababu linajibu lile swali la nani ataitengeneza: timu ya kiwanda ina lori la spea na mafundi wanaofanya kazi usiku kucha kambini. Penye msaada huo, nguvu hulipa, hasa kwenye uwanda mpana na mgumu. Tena waandaaji wenyewe wameweka kikomo cha injini cha cc 450 tangu 2011, na pikipiki za leo za ushindani zimerudi kwenye silinda moja. Lipo pia kundi la Dakar la wanaoendesha bila fundi, kila mmoja akiwa na sanduku lake la vifaa na kazi yake ya usiku. Hao ndio wanaofanana na mtu wa Dranya, na kwao usahili wa mashine bado ni sheria.

Pingamizi la pili ni jina la kampuni: mtu atasema achague ile inayoshindana Dakar. TVS, jina linalosomeka kwenye tangi za boda boda nyingi Uganda, imeshiriki Dakar pamoja na Sherco ya Ufaransa, na mwaka 2024 Ross Branch wa Botswana alimaliza wa pili juu ya Hero ya India. Fahari hiyo ni ya kweli, na mimi naifurahia kama Mwafrika. Lakini mashine zile zilijengwa kwa mbio tu, na hazishiriki karibu chochote na ile inayobeba abiria na gunia la muhogo. Anayetaka kujiandaa kwa safari ndefu ya udongo, iwe mashindano au kazi, ana sababu nzuri zaidi za kuchagua Bajaj Boxer au Senke: spea zake zinapatikana Arua na Koboko, na fundi wa kijijini anaijua kwa kuisikiliza. Tofauti moja ibaki wazi: boda boda iliyobeba watu haipaswi kupunguzwa upepo kama ya mbio, kwani mzigo utalimaliza tairi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa vijana wanaoota kushindana ni huu: fedha za kwanza zisiende kwenye kupanua silinda wala kubadilisha ekzosi. Nunueni filta mbili za sponji, tyubu za akiba, cheni nzuri na ufunguo wa spoku, kisha mjifunze kuvitumia gizani.